Mcheza Kwao Hutunzwa

Katika kazi yetu ya ualimu wazazi wametuuliza maswali mengi, na moja hurudi kila mwaka kama mvua za masika: Mtoto akaapo darasani akichora, apata faida gani? Akijua hesabu tutamtuma dukani. Akijua kusoma atatusomea barua na hati za shamba. Lakini picha haipikwi ikaliwa. Swali hili si la upumbavu. Mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe ada ana haki ya kuuliza mbuzi wake amekwenda wapi. Kwa hiyo tumeona yafaa tulijibu hapa, si kwa maneno ya kusifu tu, bali kwa habari za chuo kimoja kilichofundisha kazi hii katika nchi zetu, na habari za wanafunzi wake, kisha kwa mambo machache tuliyoyaona wenyewe kijijini petu.

Chuo hicho ni Makerere, kilicho juu ya kilima katika mji wa Kampala, Uganda. Kilianzishwa mwaka 1922, nacho kilikuwa shule ya ufundi. Baadaye kikakua, kikafundisha utabibu, ualimu, kilimo na elimu nyingine, na vijana wakaja kutoka Kenya, Tanganyika na Unguja. Mwaka 1949 kilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Leo ni chuo kikuu chenye kujitegemea.

Aliyeanzisha kazi ya kuchora pale ni Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904. Yeye alijifunza kuchora London katika shule iitwayo Slade, kisha akajifunza namna ya kufundisha kwa mwalimu mmoja mashuhuri, Marion Richardson. Mwaka 1929 alikuja Kenya pamoja na mumewe, aliyekuwa daktari, na mwaka 1935 wakahamia Uganda. Mwaka 1937 akaanza kufundisha, wala hakuanza katika jumba, bali barazani kwa nyumba yake. Waliokuja ni wanafunzi waliokuwa na masomo yao mengine, wakaja kwa kupenda wenyewe. Sisi tuliokulia katika nyumba zenye baraza twajua kwamba mambo mengi makubwa huanzia hapo, maana barazani mtu hasemi peke yake. Husema mbele ya watu, na watu humjibu.

Na jinsi alivyofundisha ni jambo la kutazamwa sana. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwasimulia habari: pengine watu wanakwenda sokoni, pengine mvua inakuja na watu wanakimbia, nao wakatulia, wakaitazama habari ile moyoni mpaka ikasimama wazi, kama mtu akumbukavyo uso wa mama yake. Ndipo wakashika brashi. Basi mwanafunzi aliyelelewa migombani hakuweza kuona moyoni mti wa theluji asioujua, aliona mgomba. Aliyezoea kuona wanawake wakirudi mtoni, aliwaona hao. Kwa njia hii maisha ya nyumbani, ambayo vijana wengi wa shule walikuwa wameanza kuyaonea haya, yalirudi mbele yao yakawa ndiyo somo lenyewe.

Lakini kuchora peke yake hakukutosha. Katika chumba cha kuchorea, kazi ikiisha kukauka huwekwa ukutani, na mwalimu na wanafunzi husimama mbele yake wakaizungumza: hapa rangi imezidi, hapa mkono wa mtu huyu haukunjiki jinsi mikono ikunjikavyo, hapa umetuonyesha jambo ambalo hatukuliona. Baada ya hayo huja maonyesho, ambapo milango hufunguliwa na watu wasiokuwa wa chuo huingia. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wa Bibi Trowell zilipelekwa hata London, zikaonyeshwa katika jumba lililoitwa Imperial Institute.

Hapa pana watu watakaotukatiza. Watasema, Je, wazee hawakusema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza? Kama kazi ya mwanafunzi ni njema, ya nini kuitundika mbele ya watu? Twajibu kwamba methali ni kweli, lakini haikusemwa juu ya jambo hili. Picha iliyotundikwa haijitembezi. Imesimama mahali pamoja, na watu ndio watembeao wakaiendea. Tena mkulima apelekaye mahindi yake kwenye maonyesho ya kilimo haendi kujivuna tu. Akiwa peke yake shambani kwake, kila bua laonekana refu. Akiliweka karibu na la jirani, ndipo ajuapo urefu wake. Hali kadhalika mwanafunzi. Mwalimu wake aweza kumwonea huruma, na rafiki zake waweza kumsifu kwa upendo; lakini mgeni asimamaye mbele ya picha akapita bila kutazama mara ya pili, huyo amemfundisha somo ambalo mwalimu hawezi kulifundisha. Naye asimamaye kitambo, akamwita na mwenziwe aje atazame, amemlipa.

Sasa tutazame waliotoka katika mafunzo hayo. Gregory Maloba, mtu wa Kenya, alijifunza hapo kufinyanga na kuchonga, akawa mwalimu hapo hapo. Na Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, mnara wa uhuru uliosimamishwa Kampala, wenye sanamu ya mama anayemwinua mtoto wake juu, ulikuwa kazi ya mikono yake. Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Machame chini ya Kilimanjaro, alisoma Makerere, akafundisha hapo, akaenda na Slade alikosoma Bibi Trowell. Tangu mwaka 1961 mpaka 1964 alikuwa balozi wa Tanganyika London. Maisha yake yote alichora mambo ya kwao: watu wakilima, wakikata miti, wakichunga, wakienda arusini. Picha yake moja ya mwaka 1956 yaonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Sisi hatuandiki hapa ili kusifu pombe. Twataka msomaji ajue kwamba picha hiyo ilichukuliwa mwaka 1960 na jumba kubwa la sanaa lililoko New York, nayo ikawa mali ya jumba hilo.

Basi hapo ndipo moyo wetu unapotutatiza. Twafurahi kwamba kazi ya mtoto wa Machame imeheshimiwa katika mji mkubwa wa Marekani. Walakini twauliza: Wale waliobeba vibuyu usiku ule, na wake zao, na wajukuu wao, ni wangapi wameiona? Mgeni wa New York aweza kusifu rangi, lakini hawezi kusema kama njia ya kwenda kwa bibi arusi hufuatwa vile, au kama mbebaji wa kibuyu huinama vile. Wenye kuweza kuihukumu picha ile ni watu wa migombani, nao ndio walio mbali nayo. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje ikiwa ngoma yake huchezwa ng'ambo, na watu wa kwao hawasikii ila habari?

Kuna mmoja aliyeliona neno hili mapema, naye ni Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, na kusoma Makerere kwa Bibi Trowell. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa ili kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika miaka ya Mau Mau. Alichora kuzaliwa kwake Bwana wetu, na ubatizo wake, na chakula cha mwisho, na kuomba kwake Gethsemane, na kusulubiwa kwake. Na watu wa picha hizo ni Waafrika, na nchi ni nchi ya vilima vya Wakikuyu. Ukuta wa kanisa hausafirishwi ng'ambo. Atakaye kuziona sharti aende Murang'a, na wa kwanza kuziona ni mama aingiaye na mtoto mgongoni siku ya Bwana. Kisha mwaka 1965 Njau na wenziwe walifungua Nairobi nyumba ya sanaa, wakaiita Paa ya Paa, maana yake mnyama paa anapaa juu. Na kwao Marangu alifungua nyumba nyingine, akaipa jina la Kibo. Mwaka 1997 moto uliiunguza Paa ya Paa na kazi nyingi zikateketea, lakini nyumba hiyo haikuachwa, ilitengenezwa tena.

Twajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu wana shaka juu ya picha kanisani, nao wanaikumbuka amri ya pili. Hatutaki kuipuuza shaka hiyo, maana yatoka katika kumcha Mungu. Lakini na wasome kitabu kile kile cha Kutoka mbele kidogo, sura ya 31, wataona kwamba Mungu mwenyewe alimwita Bezaleli wa kabila la Yuda kwa jina lake, akamjaza Roho wake ili ajue kuchora, na kufua dhahabu, na kuchonga mti, na kumpa Oholiabu wa Dani awe mwenziwe. Tena nyoka wa shaba alitengenezwa jangwani kwa amri, nao waliomtazama wakapona; miaka mingi baadaye watu walipomfukizia uvumba, mfalme Hezekia akamvunja vipande, naye hakukosea. Shaba ilikuwa ile ile. Kilichogeuka ni mioyo ya watu. Kwa hiyo si mkono uchorao unaokatazwa, bali goti lipigwalo mbele ya kitu kilichochorwa.

Sasa tuje kwetu. Mwaka uliopita tuliomba ruhusa kwa wazee wa kanisa, tukatundika picha za wanafunzi wetu katika ua wa shule, siku ya Jumapili baada ya ibada. Hatukuwa na vifaa vya Makerere. Karatasi nyingine zilitoka katika madaftari, nyingine katika mifuko ya unga. Rangi nyeusi ilikuwa makaa, nyekundu ilikuwa udongo wa mfereji, kijani ilikamuliwa majanini, nayo ilififia kabla ya jioni. Tulifunga kamba toka mwembe hata nguzo ya darasa, tukazibana karatasi kwa miiba. Watu waliotoka kanisani walisimama mbali kwanza, kama watu waonao mnada wasiojua bei zake. Kisha watoto wakaanza kuwavuta mama zao kwa mkono.

Picha mojawapo ilikuwa ya msichana wa darasa la mwisho, naye alikuwa amechora wanawake watatu wakitoka kisimani na ndoo vichwani. Sisi waalimu tulikuwa tumeisifu sana. Bibi mmoja mzee, asiyejua kusoma, akasimama mbele yake muda mrefu, akauliza ni ya nani. Msichana akaja, akapiga goti, akamwamkia.

Bibi akasema, "Mjukuu wangu, ndoo hizi zina maji au ni tupu?"

"Zimejaa, bibi."

"Basi mbona huyu wa kati anatazama chini? Aliyebeba maji hatazami chini. Akitazama chini, yatamlowesha. Njia huijua kwa miguu."

Watu wakacheka, lakini bibi hakucheka, wala msichana. Jumatatu alfajiri tulimkuta msichana huyo amekaa juu ya jiwe karibu na kisima, akitazama shingo za watu. Picha aliyoichora mara ya pili tunayo hata sasa. Wanawake wale wamenyoosha shingo, na macho yao yako mbele, na mtu aitazamapo huona uzito wa maji kwa namna mabega yalivyokaa. Katika miaka yetu yote ya kufundisha hatujaona somo lililoingia upesi namna ile. Na aliyelifundisha ni mtu ambaye hajawahi kukaa juu ya dawati.

Baba wa msichana alikuwapo siku ile. Alikuja kwetu baada ya watu kutawanyika, akasema, "Mwalimu, nimeiona kazi ya mwanangu, nayo ni nzuri. Lakini nasikia mnamtia moyo aende akasome mambo haya chuoni. Mimi nina watoto watano. Atakula nini?"

Tulimjibu kwa kumsimulia habari za Bibi Rosemary Karuga. Alizaliwa Kenya mwaka 1928, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya Makerere, tangu mwaka 1950 mpaka 1952. Aliporudi kwao hakuwa tajiri. Alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, akalea na watoto wake, na kazi yake ya sanaa ikanyamaza. Alipokuwa mtu mzima wa kustaafu aliirudia. Rangi ni ghali, hakuwa nazo. Basi alichukua karatasi za kufungia sabuni na za unga, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi mpaka vikawa wanawake shambani, na kuku, na ng'ombe, na nyumba za kijijini. Mwaka 1987 alikwenda kufanya kazi yake Paa ya Paa, na watu wakaanza kumjua. Na mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York. Alifariki mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90.

Baba yule alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo alikula kwa ualimu." Tukasema, "Ndiyo, mzee wetu, alikula kwa ualimu." Hatukutaka kumdanganya. Mtu atakayewaambia wazazi kwamba kila mtoto mwenye mkono wa kuchora atapata mali, huyo anauza maji ya mto kando ya mto. Tukaongeza kwamba mtu aliyefundishwa kutazama, kazi zake nyingine nazo hupata nuru: seremala huona mti uliopinda kabla ya kuupiga randa, mwalimu huona mtoto aliye na njaa, na muuguzi huona uso uliobadilika. Baba akatushukuru, akaenda zake. Mpaka tunapoandika haya bado hajakubali, wala hajakataa. Amesema atanena nasi tena mavuno yakiisha, na msichana anaendelea na masomo yake yote, akijua kwamba shauri lake li mikononi mwa mzazi. Nasi twamheshimu baba huyo, maana alikuja, akatazama, akauliza. Wengi hukataa bila kutazama.

Wasomaji wapendwa, haya ndiyo tunayowaomba. Shule ya watoto wenu ikifanya maonyesho, msiyaache kwa wageni wa serikali na waalimu tu. Njoni na mama zenu wazee, na mafundi wa vijiji, na mfinyanzi, na msusi wa mikeka, ambao macho yao yamefunzwa na kazi kuliko yetu. Msiseme "nzuri" kisha mkapita, kwa kuwa neno hilo halimlishi mtoto, wala msimcheke. Mwulizeni aliona nini, na palipo na kosa mwonyesheni kama bibi yule alivyoonyesha. Na kanisa likitaka kupamba ukuta wake, wazee na waulize kwanza kama yupo kijana wa mahali hapo awezaye kuupamba, kabla ya kununua picha iliyochapwa mbali ya watu wasiofanana nasi.

Sisi waalimu nasi tuna wajibu wetu. Mitihani ikaribiapo, kipindi cha kuchora ndicho cha kwanza kunyang'anywa, kikapewa hesabu. Hesabu ni njema, nasi twaifundisha. Lakini kipindi kimoja kwa juma hakitaiangusha, na mtoto aliyenyimwa hicho huenda asikipate tena mahali popote.

Maonyesho yetu mengine yatakuwa mwaka huu, mavuno yakiisha, katika ua ule ule, na safari hii tutatafuta vibanio badala ya miiba. Picha ya wanawake wa kisimani itakuwapo, ile ya kwanza na ile ya pili, zikiwa pamoja, ili watu wapime. Bibi yetu mzee ameahidi kuja, naye ametuambia kwamba hata katika ile ya pili kuna jambo moja ambalo bado halijamridhisha, lakini atalisema mbele ya mwenyewe.